Mtoto Akiuliza Habari za Mtungi

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Septemba, wakati ambao Bariadi haijaona tone la mvua kwa miezi kadhaa na vumbi la barabara limekaa juu ya kila jani. Tulikuwa na darasa la kipaimara chini ya mwarobaini ulio nyuma ya kanisa, tumefika kwenye sehemu ya kwanza ya Imani, habari za uumbaji. Watoto walikuwa wamechoka kwa joto. Mmoja wao, binti wa miaka kumi na minne kutoka mtaa ulio nje ya mji, aliomba ruhusa akaenda kunywa maji ofisini, akarudi, akanyoosha mkono.

"Samahani Mchungaji, naomba kuuliza. Ndoo ya plastiki na mtungi vimekaa kivuli kimoja, na maji ni ya bomba moja. Mbona ya ndoo ni vuguvugu na ya mtungi ni ya baridi? Huo ubaridi umetoka wapi, na huku kote ni joto?"

Tulimjibu kwamba Mungu ameweka mambo yake, na kwamba pale tulikuwa tunasoma katekisimu, hatusomi sayansi. Wenzake wakacheka. Akakaa, akafunika daftari lake. Kwa majuma matatu yaliyofuata hakuuliza neno.

Makala haya yameandikwa kwa sababu ya jibu lile. Lilikuwa jibu baya, na ubaya wake wa kiimani ulizidi ubaya wake wa kielimu. Lingekuwa kosa letu peke yetu tungelitubu kimya kimya, lakini tunalisikia kila mahali. Wainjilisti wanalitoa, walimu wa shule ya Jumapili wanalitoa, wazazi wanalitoa jikoni, na wahubiri wa mikutano ya nje wanalitoa kwa kipaza sauti. Tunataka kulipinga waziwazi, na washarika watusamehe pale ambapo kalamu itakuwa kali.

Tuanze na mtungi wenyewe, maana tunamdai yule binti jibu. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya humo taratibu mpaka nje, ndiyo maana mtungi mzuri hutoka jasho. Hewa yetu ya Septemba ni kavu, huyanywa yale maji ya nje na kuyageuza mvuke. Lakini maji hayageuki mvuke bure. Yanahitaji joto, tena joto jingi sana. Ukitaka kuyageuza mvuke maji yaliyokwisha kuchemka, utahitaji joto zaidi ya mara tano ya lile ulilotumia kuyatoa kwenye ubaridi wa barafu mpaka yakachemka. Joto hilo mvuke unalichukua kwenye udongo na kwenye maji yaliyobaki ndani. Kwa hiyo binti aliuliza ubaridi umetoka wapi, na jibu ni kwamba hakuna ubaridi ulioingia. Kuna joto lililotoka. Ndoo ya plastiki haina vitundu, haitoki jasho, inabaki na joto lake.

Bibi zetu walijua haya yote bila kuyaandika. Walijua kwamba mtungi uliozeeka vitundu vikaziba haupoozi tena. Walijua kwamba ukiuweka mahali penye upepo unapooza vizuri kuliko kwenye kona, na kwamba mwezi wa Machi, hewa ikiwa imejaa unyevu, mtungi uleule huwa mvivu. Na walijua bei yake: asubuhi umeujaza, jioni umepungua hata kama hakuna mtu aliyekunywa.

Neno hilo bei ndilo kiini cha elimu ambayo wasomi wanaiita themodinamiki, elimu ya joto na kazi. Kanuni yake ya kwanza inasema nishati haizaliwi wala haifi, inabadilika sura tu: kuni zinakuwa moto, moto unakuwa mvuke, ugali unakuwa nguvu ya kulima. Hupati zaidi ya ulichoweka. Kanuni ya pili inasema kwamba joto likiachwa lenyewe hutoka penye moto kwenda penye baridi, halirudi nyuma kwa hiari yake. Chai iliyosahaulika mezani hupoa. Hakuna mtu katika Simiyu nzima aliyewahi kukuta chai iliyopoa imejichemsha upya kwa kuchukua joto la chumba. Ukitaka joto liende kinyume, utalipia. Friji inalipia kwa LUKU, na ukipitisha mkono nyuma yake utalisikia lile joto lililofukuzwa. Mtungi unalipia kwa maji.

Wako washarika watakaosema kwamba haya ni ya shuleni. Tunawauliza: yale maneno ya Ayubu 38, ambapo Bwana anamhoji Ayubu habari za barafu na theluji zilikotoka, ni ya shuleni? Ile sura ya 37, inayotaja nguo zinavyokuwa za moto mwilini upepo wa kusini unapotulia, aliiandika nani kama si mtu aliyekaa kwenye jua akaangalia? Katika 1 Wafalme 1 tunasoma kwamba Mfalme Daudi alipozeeka walimfunika nguo nyingi lakini hakupata moto. Tumeusoma mstari huo miaka mingi tukikimbilia habari za yule msichana Abishagi, tusione jambo lililo mbele ya macho yetu. Blanketi halina moto. Blanketi huzuia moto ulio ndani usitoke, basi. Mzee ambaye mwili wake hauzalishi joto la kutosha, mfunike nguo kumi, atatetemeka. Watumishi wa Daudi waliligundua hilo kwa kuangalia, na Mwandishi Mtakatifu hakuona aibu kuliandika.

Tena sisi ni Walutheri! Katekisimu Ndogo ambayo Martin Luther aliitoa mwaka 1529 imejengwa juu ya swali moja linalorudiwa kila baada ya amri na kila baada ya ombi: maana yake nini? Mtoto wa Kilutheri analelewa na alama ya kuuliza. Luther hakumtaka baba wa nyumba awakaririshe watoto maneno na kuishia hapo. Alimtaka mtoto aulize maana na mzazi ajibu. Kisha sisi, tukiwa na kitabu hichohicho mkononi, tunamwambia binti anyamaze kwa sababu amemuuliza Muumba habari za mtungi katika somo la uumbaji. Tungetafuta mahali pa kulikosea somo lile kuliko hapo tusingepapata.

Nchi yetu ina mfano wa jambo hili ambao dunia nzima inaujua kuliko tunavyoujua sisi. Mwaka 1963 kijana aitwaye Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, palepale ambapo miaka mingi baadaye kanisa letu lilianzisha chuo kikuu chenye jina la Askofu Sebastian Kolowa. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji ya kugandishia. Nafasi ndani ya friji ilikuwa ndogo na wanaogombania ni wengi. Siku moja mwenzake mmoja aliweka maziwa yake bila hata kuyachemsha ili awahi nafasi. Mpemba, akiona akisubiri atakosa, aliweka yake yakiwa ya moto. Baada ya kama saa moja na nusu alikuta ya kwake yameganda na ya mwenzake bado.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Mtoto mwingine angeishia hapo, kama binti yetu alivyoishia. Lakini baadaye alikutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga, akamwambia kwamba wao huweka mchanganyiko ungali wa moto kwa sababu huganda upesi. Kumbe wauza aiskrimu walikuwa wanajua. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, aliuliza tena, na mwalimu alimjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo akikosea jambo darasani wenzake walimtupia utani huohuo: hesabu ya Mpemba, fizikia ya Mpemba.

Kisha akaja Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama mbele ya shule nzima akauliza swali lake, na wenzake wakacheka. Mgeni alidhani kijana amekosea, na baadaye alikiri hivyo kwa maandishi yake mwenyewe. Ila alikumbuka kwamba mwanafunzi anayeuliza hapaswi kudhihakiwa. Akaahidi kwamba akirudi Dar es Salaam atalijaribu. Alimpa kazi hiyo fundi wa maabara, na fundi akaja na taarifa ambayo sisi tunaipenda kuliko sehemu nyingine yote ya habari hii: maji yaliyoanza ya moto kweli yameganda kwanza, lakini asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi.

Ndugu msomaji, usimcheke fundi yule haraka. Ni mara ngapi katika kikao cha wazee tumerudia shauri mpaka tukapata jibu tulilokuja nalo kutoka nyumbani?

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika kwa pamoja katika jarida la Physics Education la Uingereza, na tangu hapo jambo lile linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Aristotle alikuwa amegusia jambo la namna hiyo zamani, na Francis Bacon na Descartes pia, lakini lilikuwa limesahaulika vitabuni mpaka mwanafunzi wa Magamba alipoogopa kukosa nafasi kwenye friji. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayetoa maelezo bora ya sababu yake, na zikaja barua zaidi ya 22,000. Na mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha vipimo vyao wakisema hawaoni ushahidi wa kutosha kwamba jambo hilo lipo kweli. Wengine wamewapinga. Mjadala unaendelea, nao ni mjadala wa heshima, kwa kuwa hakuna anayemwambia mwenzake anyamaze kwa sababu Mungu ameweka mambo yake.

Tumeieleza habari hii kwa urefu kwa kuwa mle ndani kuna aina mbili za mwalimu. Wote wawili hawakuwa na jibu. Tofauti yao ni kwamba mmoja, kwa kukosa jibu, alimcheka muulizaji, na mwingine alisema tutajaribu. Mchungaji asiyejua kwa nini mtungi unapooza hajatenda dhambi. Dhambi ni kulitumia jina la Mungu kufunika kutojua kwake. Sisi tunaiona kuwa ni kulitaja bure jina lake, na Amri ya Pili tunayoikaririsha watoto inatuhusu wenyewe.

Sasa tugeukie kundi jingine, ambalo kosa lake limevaa suti. Hawa hawaikatai sayansi; wanaikodisha. Katika miaka hii zimekuja semina ambapo mhubiri husimama na kusema kwamba kanuni ya pili ya themodinamiki inathibitisha kwamba kila kitu kinaelekea kuoza na kuvurugika, hivyo hakuna kitu chenye mpangilio kinachoweza kutokea kutoka kitu kisicho na mpangilio, na kwa hoja hiyo wasomi wote wamekwisha. Watu hupiga makofi. Tumekaa kwenye semina ya namna hiyo na kupiga makofi sisi wenyewe, Mungu atusamehe, kwa kuwa tulikuwa tumetoka chuo cha theolojia tukijua Kigiriki kidogo na fizikia hatuijui kabisa.

Hoja hiyo haisimami hata katika shamba la ekari moja. Mkulima wa Itilima anafukia mbegu ya pamba iliyo ndogo kuliko ukucha. Baada ya miezi michache kuna mti wenye mizizi, majani, maua na vitumba vilivyofunguka vyeupe. Mpangilio huo umetoka kwenye udongo, hewa na maji. Kama kanuni ya pili ingekuwa inasema anachosema mhubiri wetu, pamba isingeota Meatu wala Maswa wala popote. Kanuni inasema jambo jingine. Inasema ukijumlisha kila kitu pamoja, mvurugiko hauwezi kupungua. Sehemu moja inaweza kujipanga ikiwa sehemu nyingine inalipa. Anayemlipia mkulima wa pamba ni jua, linalomwaga nishati yake mchana kutwa kwenye majani. Zaburi ya 19 inasema hakuna kitu kinachojificha na joto la jua, na hilo mkulima wetu analiamini kwa mgongo wake.

Hatuandiki hapa kuhusu asili ya viumbe. Hilo ni somo la siku nyingine. Tunachosema ni kwamba hoja mbovu haigeuki kuwa nzuri kwa kuwa imetumwa kumtetea Mungu. Watoto wetu waliokaa kwenye semina ile watafika kidato cha tano, watakutana na mwalimu atakayewaonyesha kosa lake kwa dakika tano, na watauliza swali la haki kabisa: kama kanisa lilitudanganya kuhusu pamba, kwa nini tuliamini kuhusu kaburi? Kelvin, mmoja wa waliozitunga kanuni hizi za joto, alikuwa Mkristo mwenye kwenda kanisani, na hakuhitaji kuzipotosha ili apate kuamini.

Kuna pembeni jambo ambalo hatuwezi kuliacha lipite. Walewale wanaoipenda kanuni ya pili wakiwa semina huisahau ya kwanza wakiwa kwenye sadaka. Wengi tunaikumbuka DECI, iliyosimamishwa na serikali mwaka 2009, ambamo watu walipanda fedha wakaita mbegu na kungoja mavuno yaliyotoka kwenye fedha za waliojiunga nyuma yao. Mtu aliyeelewa kwamba huwezi kutoa chunguni kisichoingizwa chunguni angeuliza mavuno yale yanatoka shamba la nani. Naye angeambiwa ana roho ya mashaka.

Tunajua pingamizi linalokuja, kwa kuwa mzee mmoja wa kanisa, mtu tunayemheshimu, alitupa bila kuficha. Alisema: "Mchungaji, mtoto ukimzoesha kuuliza habari za mtungi, kesho atauliza habari za ufufuo."

Na aulize. Mariamu alimuuliza malaika litawezekanaje neno hili, naye hakufukuzwa. Tomaso alitaka kugusa, akaonyeshwa makovu. Lakini tuseme zaidi ya hapo, maana mzee wetu anastahili jibu kamili. Tumewaosha marehemu. Kila aliyewahi kushika mkono wa mtu aliyekata roho anajua jinsi mwili unavyoanza kupoa, vidole kwanza, mpaka baada ya saa kadhaa una ubaridi uleule wa kitanda na ukuta. Ni kanuni ya pili, haina huruma, na joto lile halirudi lenyewe. Mtu asiyejua kwamba halirudi lenyewe anaweza kuuchukulia ufufuo kama habari ya ajabu kati ya habari nyingi za ajabu, kama kuku aliyezimia akaamka. Wale wanawake waliokwenda kaburini alfajiri walijua vizuri sana. Walibeba manukato kwa ajili ya maiti. Imani ya Pasaka haikuzaliwa katika vichwa vya watu wasiojua maiti inafanya nini. Mtoto anayeelewa kwa nini chai haijipashi moto yenyewe yuko karibu zaidi na kuelewa tunachokiri tunaposema siku ya tatu alifufuka, kwamba tunakiri tendo la Mungu na si tabia ya miili. Akilikataa, atakuwa amekataa kitu chenyewe, hakukataa kivuli chake. Na akiliamini, tutakuwa na Mkristo.

Lakini tusingeandika kwa ukali huu kama jambo lingekuwa la darasani tu. Katika nchi yetu ya Usukuma, swali lililozuiwa limemwaga damu.

Kila mtu mzima anayesoma hapa anajua habari ya macho mekundu. Mauaji ya vikongwe katika Kanda ya Ziwa yameandikwa kwenye magazeti kwa miaka mingi, na sisi wa huku hatukuhitaji magazeti. Bibi amezeeka, ni mjane, macho yake ni mekundu. Mtoto wa jirani anaugua, mganga anaulizwa, kidole kinanyooshwa. Tumesimama kwenye mazishi ambapo kila mtu alijua na hakuna aliyesema, na sisi tuliovaa joho tulisoma maneno ya faraja tukarudi nyumbani.

Sasa uliza kama binti yule angeuliza. Macho ya bibi mbona ni mekundu? Kwa sababu ya moshi. Moshi mbona ni mwingi? Kwa sababu anapika ndani ya kijumba kisicho na dirisha, kwenye mafiga matatu, kwa kuni ambazo haziungui sawasawa; moshi ni kuni iliyokosa hewa na joto la kutosha, ikatoka nusu. Kwa nini hapiki kwa kuni nzuri? Kwa sababu hazipo. Usukuma ilifyekwa kwa vizazi, kwa ajili ya kufukuza mbung'o, kwa ajili ya pamba, kwa ajili ya ng'ombe, mpaka wengi wakabaki wakipikia miti ya pamba na kinyesi kikavu cha ng'ombe. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, Bariadi ikiwa bado chini ya Shinyanga, uliwakumbusha watu ngitili za babu zao, zile sehemu zinazofungwa ili nyasi na miti virudi. Na mahali pengi vimerudi, ingawa si pote. Na kuni zile chache anazozipata bibi, joto lake linakwenda wapi? Kwenye mafiga sehemu kubwa inapotea pembeni na juu, haigusi sufuria. Kwa hiyo anachochea zaidi, anainama zaidi, anapuliza zaidi, miaka arobaini, hamsini. Hapo ndipo macho mekundu yanapotoka.

Mnyororo huo hauna mchawi hata mmoja. Una joto linalopotea, miti iliyokatwa, na mwanamke aliyewapikia watoto wa watu. Kila pete yake mtoto wa darasa la saba anaweza kuifuata, mradi hakuna aliyemwambia anyamaze. Mchungaji anayesema Mungu ameweka mambo yake hayuko mbali na mganga kama anavyodhani. Wote wawili wamefunga swali kabla halijafika jikoni. Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anamkemea mtu amwambiaye ndugu yake asiye na nguo aende kwa amani akaote moto, asimpe kitu. Sisi tumekuwa tukiwaambia bibi zetu waende kwa amani wakaote moto, na moto wenyewe ndio unaowaua.

Basi tulirudi darasani. Kwanza tuliomba msamaha mbele ya wote, na binti yule aliinamisha kichwa kwa aibu kuliko sisi. Kisha tulieleza habari ya mtungi, tukavisha chupa mbili za maji, moja kitambaa kilicholowa na nyingine kitambaa kikavu, tukazitundika kwenye upepo wa mwarobaini. Baada ya muda watoto walizishika wenyewe wakaona. Jumamosi iliyofuata tuliongea habari za Mfalme Daudi na blanketi, na mmoja wa wavulana akasema kwamba kama blanketi linazuia moto usitoke, basi sufuria nalo linaweza kufunikwa blanketi. Hatukuwa tumelifikiria. Umoja wa Wanawake wa usharika walichukua kapu kubwa, wakalijaza masalia ya pamba, ambayo huku hayakosekani, wakashona kifuniko cha pamba pia. Choroko zilizoloweshwa usiku zikichemka robo saa jikoni, sufuria inafutwa isibaki na kaa, inaingizwa kapuni, inafunikwa. Zinaiva zenyewe kwa joto zililonalo. Pamba haiongezi moto, inazuia hewa isizunguke na kuuchukua. Mama mmoja alibisha kwamba choroko haziwezi kuiva bila kuchochewa, nasi tulimwonyesha jambo ambalo hata sisi tulikuwa tumejifunza juzi tu: maji yakishachemka hayazidi moto tena hata ukitia mzigo mzima wa kuni, kuni za ziada zinafanya kazi ya kutengeneza mvuke. Kwetu huku, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, yanachemka hata kabla ya kufika nyuzi 100. Alitikisa kichwa. Juma lililofuata alikuja na kapu lake.

Makapu manne ya kwanza yalipelekwa kwa bibi wanne wa mtaa ule wa nje ya mji. Macho yao hayajawa meupe, wala hayatakuwa. Miaka hamsini haifutwi na kapu. Lakini watoto wa kipaimara ndio waliyapeleka, na kila mmoja alitakiwa akae jikoni mpaka chakula kiive, amwulize bibi alianza kupika akiwa na umri gani, na arudi aeleze darasani.

Jaribio la Mpemba nalo tulilifanya, kwa msaada wa mama anayeuza barafu za ubuyu karibu na stendi, aliyetuachia pembe moja ya friji lake. Mara ya kwanza maji ya moto yalishindwa vibaya. Mara ya pili yalishinda, na mama wa barafu akasema ni kwa sababu chombo cha moto kiliyeyusha theluji ya friji chini yake kikakaa vizuri kwenye bati la baridi. Hilo ni moja ya maelezo ambayo wasomi wenyewe wamelitaja. Mara ya tatu umeme ulikatika.

Binti anauliza tena. Jumamosi iliyopita alitaka kujua kwa nini mabati ya kanisa hulia jioni jua likizama, kana kwamba mtu anatembea juu. Wazee wawili waliokuwa wakipita walisimama kujibu, na majibu yao hayakufanana.